Siti binti Saad na Suala la Kujiamini: Je, Ni Kipaji au Ni Kazi?

Utangulizi

Muhula uliopita tulialikwa kwenye mhadhara wa jioni kuhusu namna ya kufikia malengo makubwa maishani. Msemaji alikuwa fundi wa maneno, hilo sikatai. Tulicheka, tukapiga makofi, na karibu na mwisho akatutolea mfano wa Siti binti Saad. Alisema kwamba mama yule alikuwa muuza vyungu, hakusoma, hakuwa na kitu. Alijiamini tu, akafika Bombay. "Sasa wewe mwenye chumba, taa na maktaba," akauliza, "ukishindwa tumlaumu nani?" Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja hakupiga makofi. Wiki ile ile matokeo yalikuwa yametoka, naye alikuwa amekamata sapu mbili. Sote tunajua maana yake: ukianguka tena kwenye mtihani wa marudio, kinachofuata ni disko, na ukishadisko unarudi kijijini kuwaeleza waliouza ng'ombe kwa ajili yako. Usiku ule, taa ikiwa imezimwa, akaniuliza, "Hivi dada, ina maana mimi tatizo langu ni kwamba sijiamini?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nikamkuta anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi.

Makala haya yametokana na swali hilo. Yanakusudia kuchunguza namna dhamira ya kujiamini inavyojitokeza katika vitabu vitatu ambavyo wengi wetu tumevisoma: Kusadikika (1951) na Wasifu wa Siti binti Saad, vyote vya Shaaban Robert, pamoja na Kichwamaji (1974) cha Euphrase Kezilahabi. Hoja yangu ni kwamba fasihi yetu haimuungi mkono yule msemaji wa jioni ile. Kujiamini kuna nafasi kubwa katika kufikia malengo, lakini vitabu hivi vikisomwa kwa makini vinaonyesha kwamba kujiamini si mbegu ambayo mtu huzaliwa nayo mfukoni. Ni kitu kinachojengwa kwa kazi, kwa muda, na kwa msaada wa watu wengine.

Kujiamini na kujivuna

Tuanze na neno lenyewe. Kujiamini kumetokana na kuamini, na neno hili ni ndugu wa imani na amana. Amana ni kitu unachomkabidhi mtu akutunzie kwa sababu umeshamjua. Hakuna mwenye akili timamu anayeweka amana kwa mtu aliyekutana naye stendi dakika tano zilizopita. Kwa mantiki hiyo, anayejiamini ni mtu aliyejikabidhi nafsi yake mwenyewe baada ya kuijua: ameipima, ameijaribu, ameiona inaweza nini. Asiyejipima bado, lakini anatembea kifua mbele, huyo ana jina lake katika Kiswahili. Anajivuna.

Shaaban Robert aliliona jambo hili mapema. Katika Kusadikika, mhusika Karama anashitakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Anayemshitaki ni waziri aitwaye Majivuno. Wahakiki wengi tumezoea kulieleza jina hilo kuwa ni mbinu ya majina ya kimajazi, tunapata alama zetu, tunaendelea na swali lingine. Lakini hebu tutulie kidogo. Katika riwaya yote, ni nani asiye na shaka hata chembe juu ya nafsi yake? Ni Majivuno. Kama kutokuwa na shaka ndiyo siri ya ushindi, basi kesi ile ilipaswa kuwa yake.

Karama anashinda kwa njia nyingine kabisa. Hasimami barazani na kusema kwamba yeye anajua, wamwamini. Kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta maarifa kwa faida ya nchi, kisha wakarudi na kutupwa gerezani badala ya kushukuriwa. Ujasiri wake umesimama juu ya ushahidi, tena ushahidi wa maisha ya watu wengine. Ni kweli kwamba bila moyo asingethubutu kufungua kinywa mbele ya mfalme. Lakini moyo ule una kitu ulichokishika. Inafaa pia tukumbuke kwamba nchi yenyewe inaitwa Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambayo watu wake wamezoeshwa kusadiki wanaloambiwa na wakubwa. Mwandishi aliyebuni nchi kama hiyo hawezi kuwa anatufundisha kwamba kusadiki peke yake kunatosha.

Miaka 17 iliyorukwa

Sasa tuje kwa Siti mwenyewe. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia ya watumwa. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilolipata baadaye. Tofauti ya majina haya mawili peke yake ni riwaya. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, lakini sheria haikumpa ardhi wala elimu. Alifinyanga na kuuza vyungu, akitembea navyo na kuvinadi kwa sauti.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki, ambaye alimfundisha uimbaji na muziki. Baadaye akawa na kundi lake, lenye mafundi kama Subeti bin Ambar, Buda Swedi, Mbaruku na Mwalim Shaaban. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi nyimbo katika sahani za santuri kwa kampuni ya His Master's Voice, nyimbo za Kiswahili zilizosikika baadaye katika mwambao wote wa Afrika Mashariki.

Msomaji mpendwa, chukua kalamu utoe: 1928 toa 1911. Unapata miaka 17. Msemaji wetu aliivuka miaka hiyo yote kwa pumzi moja, kutoka chungu hadi Bombay, utadhani kuna daladala ya moja kwa moja. Siti alipohama Fumba alikuwa na umri wa takriban miaka 30. Aliporekodi sahani zake za kwanza alikuwa anakaribia 50. Kati ya hapo kuna kujifunza, kukosea, mazoezi ya usiku, arusi za kualikwa na pengine za kutoalikwa. Mtu aliyefanya kazi kwa miaka 17 na kusikilizwa na mafundi wenzake hana haja ya kujiambia kila asubuhi mbele ya kioo kwamba anaweza. Anajua kwamba anaweza, kwa sababu jana aliweza.

Isitoshe, kazi ilikuwa imeanza hata kabla ya mwaka 1911. Wengi husema Siti alikuwa na kipaji cha sauti, wakaishia hapo. Mimi nauliza: mtu anayenadi vyungu njia nzima, miaka nenda miaka rudi, ili mwanamke aliyeko uani asikie na kutoka, si anaifanyia sauti yake mazoezi? Tunapenda kuusimulia umaskini wa Siti kama kikwazo alichokiruka. Upande mmoja ni kweli. Upande wa pili, kazi ya kuuza vyungu ilikuwa ndiyo shule yake ya kwanza.

Kuna jambo lingine. Taarabu iliyokuwa ikipendwa na wakubwa ilikuwa na asili yake katika kasri ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na iliimbwa kwa Kiarabu. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume. Siti aliimba kwa Kiswahili, na nyimbo zake zilichukua habari za watu wa Ng'ambo, mtaa uliojaa waliokuwa watumwa na watoto wao. Wimbo wake unaojulikana kama Kijiti, kwa mfano, unahusu mwanamke aliyeuawa na muuaji akatoroka. Jirani aliyesikia kisa chake kikiimbwa hakuwa msikilizaji tu. Alikuwa anamwambia mwimbaji kwamba sauti yake ina kazi hapa mtaani. Kujiamini kwa Siti kulilishwa na watu hao.

Tusisahau soko nalo. Kampuni ya santuri haikumrekodi kwa sababu ya imani yake. Ilikuwa inatafuta wanunuzi wa sahani na mashine katika Afrika Mashariki. Siti alikuwa tayari wakati mlango ulipofunguka, na utayari huo ni sifa yake. Lakini mlango haukuwa wake, na tusimdanganye mtu kwamba milango hufunguka kwa kuamini.

Najua kuna atakayenipinga kwa kusema: "Wauza vyungu walikuwa wengi Fumba, mbona ni mmoja tu aliyehama akawa Siti?" Hoja hiyo ni nzito na siwezi kuikwepa. Siku anaondoka kijijini hapakuwa na Mwalim Shaaban wala santuri. Hapakuwa na ushahidi wowote kwamba mjini kuna kitu kinachomsubiri, isipokuwa sauti iliyokuwa ikiuza vyungu. Hapo lazima tukubali kwamba palihitajika moyo. Hata hivyo, tazama ukubwa wa moyo huo. Ulitosha kumfikisha mjini na kumketisha mbele ya mwalimu. Haukuwa wa kuamini kwamba siku moja atafika Bombay. Nadhani kosa letu kubwa ni kumdai mtu anayeanza safari awe na imani ya mtu aliyekwishafika.

Na hata alipofika, imani yake ilipigwa mishale. Inajulikana sana kwamba wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumsimanga, wakiuliza amekuwa mtu lini yeye aliyetoka shamba na kaniki zake, na kwamba bila sauti asingekuwa na cha kula. Jibu lake, nalo likiwa wimbo, lilipuuza habari za uzuri wa sura na nasaba, likasifu akili. Ona alivyojibu. Hakudai kwamba ni mzuri, wala hakujitungia ukoo. Alikwenda kwenye kile alichokuwa na hakika nacho, akasimama hapo. Huko ndiko kujiamini ninakokuzungumzia, kujikabidhi amana nafsi ambayo mwenyewe umeshaijua.

Kazimoto, msomi mwenzetu

Kama Siti ni mfano wa mtu asiye na elimu ya darasani aliyejenga imani, Kezilahabi ametupa kinyume chake. Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Ni mmoja wetu. Anacho kila kitu ambacho Siti alikikosa: amesoma, anajua kuandika, anaweza kuchambua jambo hadi likabaki mifupa. Riwaya inaishia kwa yeye kujiua.

Msemaji wa jioni ile angesema Kazimoto hakujiamini, basi. Kwa mtazamo wangu maelezo hayo hayatoshi, ni sawa na kumwambia mgonjwa wa malaria kwamba tatizo lake ni joto. Swali la mhakiki ni kwa nini hajiamini. Nadhani jibu limo katika namna anavyohusiana na watu. Elimu imemtoa kijijini bila kumpeleka popote. Akirudi nyumbani ni mgeni. Akikaa na wasomi wenzake kama Manase, rafiki wa utotoni aliyepata cheo, anakuta usaliti. Anafikiri sana, lakini anafikiri peke yake. Hana Ali Muhsin wa kumwambia kwamba hapo umekosea, rudia. Hana Ng'ambo ya kumsikiliza. Shaka zake zinazunguka ndani ya kichwa kimoja kama maji ndani ya mtungi uliozibwa.

Hapa ndipo ninapoona Kichwamaji na Wasifu wa Siti binti Saad vinazungumza, ingawa kimoja ni riwaya na kingine ni habari za maisha ya kweli. Kwa pamoja vinatuambia kwamba akili na kipaji havigeuki kuwa imani mpaka vipite mikononi mwa watu wengine. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga, na kumbe hakijengi hata moyo wa mwenye kidole.

Kasoro ya Shaaban Robert

Isije ikaonekana kwamba namtetea Shaaban Robert bila kumkosoa. Msemaji wetu hakuipata picha ile ya Siti hewani. Sehemu ya lawama ni ya mwandishi. Ni mwandishi wa maadili, anayependa kuisimamisha hadithi njiani ili atoe wosia, na wosia wake ni mtamu kiasi kwamba msomaji huondoka nao na kuiacha hadithi. Siti wake ni kioo cha subira, ujasiri na utu wema. Fadhila zinang'aa, karakana haionekani vizuri. Mimi ningependa kujua zaidi kuhusu usiku mmoja tu wa mazoezi: nani alikuwa anakosea, nani anakasirika, wimbo ulibadilishwa mara ngapi kabla ya kuwa wimbo. Mwanamke aliyekuwa fundi amegeuzwa kielelezo, na kielelezo ni rahisi kukitumia kama fimbo ya kuwachapia wengine.

Kwa haki ya mwandishi, yapo mazingira ya kumtetea. Aliandika katika wakati wa ukoloni, yeye mwenyewe akiwa amefanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi. Kumtwaa binti wa watumwa, asiyejua kusoma wala kuandika, na kumwandikia wasifu kama wanavyoandikiwa wafalme, hilo lilikuwa jambo la kishujaa. Alihitaji kuwaonyesha waliodharau kwamba utu hauna ukoo. Lakini hitaji la wakati ule si lazima liwe hitaji letu. Sisi leo hatuna shaka kwamba Siti alikuwa mtu mkubwa. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania kiliita jarida lake Sauti ya Siti, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba hadi uzeeni nyimbo alizozipokea kutoka kwa Siti. Tunachohitaji sasa ni kujua ukubwa huo ulifanywaje, ili na sisi tufanye.

Hitimisho

Kwa kifupi, vitabu hivi vitatu vinatupa somo moja kwa njia tatu. Karama anajiamini kwa sababu ana ushahidi. Siti anajiamini kwa sababu ana kazi ya miaka mingi na watu wa kufanya nayo. Kazimoto hajiamini, ijapokuwa ana elimu, kwa sababu amebaki peke yake na kichwa chake. Yule anayejiamini bila sababu yoyote, Majivuno, mwandishi alimpa jina linalomstahili.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kujiamini ni kipaji au ni kazi, nitajibu kwamba ni kazi. Lakini ni kazi ya watu wengi, na hilo linatudai sisi. Mwanafunzi mwenzetu akianguka, swali la kwanza lisiwe "Kwani hukujiamini?" Liwe: ulisoma na nani? Ulikula nini bumu lilipochelewa? Nani alikurekebisha ulipokosea, au ulibaki na desa la kuazima peke yako chumbani?

Mwenzangu hakuondoka. Sitasema ni kwa sababu ya Siti. Ni kwa sababu siku ile tulikaa kitandani kwake, begi likiwa wazi katikati yetu, tukapanga ratiba. Wawili wengine kutoka ghorofa ya chini walijiunga, na kwa wiki sita tulikutana kila usiku kwenye darasa tupu tukirudia maswali ya miaka ya nyuma. Mwanzoni alikuwa anajibu kwa sauti ambayo hata mbu asingeisikia. Wiki ya nne alinibishia, na alikuwa sahihi. Niliiona sura yake ilivyobadilika, na nikakumbuka mtu mwingine aliyeanza kwa kunadi vyungu.

Amefanya sapu zake. Ninapoandika haya matokeo hayajabandikwa. Yakiwa mazuri tutafurahi sote wanne, kwa kuwa wote tuliifanya kazi hiyo. Yakiwa mabaya, atalia na nitakaa naye, na begi huenda likafunguliwa tena. Lakini sitamwambia kwamba hakuamini vya kutosha. Nilikuwapo. Niliona.